Ua la Kivuli cha Usambara

Katika masomo yaliyotangulia mlijifunza kwamba kila mmea wenye majani ya kijani huhitaji nuru ili uweze kutengeneza chakula chake. Mlipanda maharage katika makopo, mkaweka makopo mengine juani na mengine kabatini, mkaona tofauti. Kutokana na jaribio lile mtu angeweza kudhani kwamba kadiri mmea unavyopata jua jingi ndivyo unavyostawi. Kwa mahindi, pamba na alizeti dhana hiyo haiko mbali na ukweli. Lakini iko mimea mingine ambayo ikipigwa na jua la adhuhuri kwa siku chache tu, majani yake hupauka, kisha hugeuka kuwa ya kahawia, na mwishowe mmea hufa. Mimea hiyo imezoea kuishi chini ya miti mikubwa ya msituni.

Sasa tutajifunza juu ya mmea mmoja wa aina hiyo. Ni mmea mdogo wa maua ambao asili yake ni hapa kwetu, nao sasa umepandwa katika nyumba za watu wa mataifa mengi. Tutachunguza makao yake ya mwituni, kisha tutaukuza katika bustani ya shule, tukianza na jani moja tu.

MMEA WENYEWE

Wajerumani huuita mmea huu kwa jina lenye maana ya "urujuani wa Usambara", na katika somo hili nasi tutauita hivyo. Urujuani ni rangi iliyo kati ya buluu na zambarau, na ndiyo rangi ya maua yake mengi ya mwituni.

Kama mwalimu wenu ameleta mmea huu darasani, uchunguzeni polepole. Hauna shina refu. Majani yake yote hutoka mahali pamoja, karibu na udongo, nayo hujipanga duara. Tazama jinsi yalivyojipanga. Majani ya chini, ambayo ni ya zamani, yana vikonyo virefu. Majani ya juu, ambayo ni machanga, yana vikonyo vifupi. Kwa mpango huo kila jani hupata nafasi yake, wala jani la juu halilifuniki sana lile la chini. Mmea unaoishi mahali penye nuru haba hauwezi kupoteza hata kidogo kile unachokipata.

Gusa jani kwa ncha ya kidole. Ni nene na laini kama mahameli, kwa sababu limefunikwa na vinyweleo vingi. Geuza jani utazame upande wa chini. Katika mimea mingi utaona kwamba upande huo una rangi ya damu ya mzee.

Ua lina petali 5. Petali 2 za juu ni ndogo, na petali 3 za chini ni kubwa zaidi. Katikati ya ua zimo stameni 2 zenye vichwa vya njano vinavyong'aa. Chavua imefungiwa ndani ya vichwa hivyo, wala haimwagiki ovyo. Nyuki wa mwituni hulishika ua, hutikisa kwa nguvu misuli ya mabawa yake akitoa mvumo mkali, na ndipo chavua humtokea. Wataalamu wamewatazama nyuki wakifanya kazi hiyo katika Milima ya Taita, nchini Kenya. Baada ya uchavushaji ovari hukua na kuwa tunda dogo kavu lenye mbegu nyingi. Mbegu hizo ni ndogo kama vumbi.

MAKAO YAKE

Duniani kote, urujuani wa Usambara na jamaa zake wa karibu huota wenyewe katika nchi mbili tu: Tanzania na Kenya. Katika Tanzania hupatikana katika Milima ya Usambara, Nguru na Uluguru, na pia katika miamba ya chokaa iliyo karibu na mji wa Tanga. Katika Kenya hupatikana kusini-mashariki, kwa mfano katika Milima ya Taita na penye miamba ya chokaa ya Kilifi. Sehemu kubwa ya milima hiyo ni ya safu moja iitwayo Milima ya Tao la Mashariki. Tafuteni safu hiyo katika ramani, tangu Taita mpaka Udzungwa.

Sasa tuseme tumeingia katika msitu wa Amani, wilayani Muheza. Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Dodoma hupata chini ya milimita 700. Ni adhuhuri, na nje ya msitu jua ni kali. Ndani ya msitu tunatembea katika kivuli. Miti mirefu imetandaza matawi yake juu yetu, na jua hupenya katika matundu madogo tu, likafanya madoa ya nuru ambayo husogea sogea upepo ukivuma. Hapa pana nuru ya kutosha kusomea kitabu, lakini hapana jua la kuchoma.

Karibu na kijito pana jabali kubwa lenye ubavu uliosimama kama ukuta. Jabali limefunikwa na mimea midogo ya kijani iliyo laini kama zulia lenye maji. Katika nyufa zake tunauona urujuani wetu, ukiwa umeshikilia jiwe kwa mizizi yake myembamba. Udongo ulio katika nyufa hizo ni kidogo sana. Ni majani yaliyooza pamoja na chembe za mawe. Mvua inaponyesha, maji hupita juu ya jabali na kuteremka upesi. Mizizi hulowa, lakini haikai ndani ya maji. Hewa yenyewe ina unyevu mchana na usiku.

Andika katika daftari lako mambo uliyoyaona katika matembezi haya: nuru ilikuwaje, udongo ulikuwaje, maji yalipitaje, na hewa ilikuwaje. Utayahitaji tutakapotengeneza bustani. Mkulima wa maua asiyejua mmea wake ulitoka wapi hulazimika kukisia kila jambo.

JINSI LILIVYOKWENDA ULAYA

Mwaka 1892 Tanganyika ilikuwa chini ya utawala wa Wajerumani. Mtawala wao wa wilaya ya Tanga aliitwa Walter von Saint Paul-Illaire. Aliliona ua hili karibu na Tanga na katika misitu ya Usambara, likampendeza. Vitabu vingi husema kwamba yeye ndiye aliyeligundua. Neno hilo litumiwe kwa uangalifu, maana wenyeji wa milima hiyo walikuwa wakilipita njiani tangu zamani. Ugeni wake ulikuwa kwa watu wa Ulaya.

Ua hilo lilifika Ujerumani kwa baba yake Saint Paul-Illaire, mzee aliyependa sana mimea, na yeye akamfikishia Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya mimea ya Herrenhausen katika mji wa Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliupa mmea jina la kisayansi, Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni kwa heshima ya ukoo wa Saint Paul, na la pili lina maana ya "wenye maua kama ya urujuani". Jina hilo lilidumu kwa zaidi ya miaka 100. Kisha mwaka 2015 wataalamu walilinganisha jeni za mmea huu na za jamaa zake, wakaona kwamba unapaswa kuwekwa katika kundi kubwa zaidi. Tangu hapo jina lake la kisayansi ni Streptocarpus ionanthus. Ukikuta majina yote mawili, ujue kwamba mmea ni ule ule.

Mwaka 1926 wafanya biashara wa maua wa Los Angeles, katika Marekani, waliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza. Waliotesha miche mingi, wakachagua 10 iliyokuwa bora. Mimea mingi inayouzwa madukani hata leo ina damu ya miche hiyo michache. Tutalirudia jambo hili baadaye, kwa kuwa lina uzito kuliko linavyoonekana.

JARIBIO: JANI MOJA HUZAA MIMEA MINGI

Mkulima wa muhogo hapandi mbegu. Hupanda kipande cha shina. Mkulima wa viazi vitamu hupanda marando, na mkulima wa migomba hupanda machipukizi. Njia hizo mnazifahamu tangu nyumbani. Urujuani wa Usambara unaweza jambo ambalo mimea mingi haiwezi: hutoa mmea mpya kutoka katika jani. Jani la mwembe likichomekwa ardhini huoza tu.

Jani la kutumia katika jaribio hili litoke katika mmea uliopandwa na watu. Mmea huu hupandwa katika vyungu, na mara nyingi mwenye nao hafanyi choyo kutoa jani moja akiombwa kwa adabu. Msiende kung'oa mmea msituni, wala kukata majani yake huko. Msitu wa Amani ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 1997, na hairuhusiwi kuchukua mimea humo bila kibali. Ikiwa mmea huu haupatikani kabisa mahali mnapoishi, tumieni begonia. Majani ya begonia nayo huota mizizi, ingawa maua yake ni tofauti.

Chagua jani la mzunguko wa kati. Majani ya chini kabisa yamezeeka, na yale ya moyoni hayajakomaa. Mwalimu alikate kwa wembe safi, akiacha kikonyo chenye urefu wa sentimita 4, na ncha ya kikonyo ikatwe mshazari. Liacheni jani kivulini kwa nusu saa ili jeraha likauke.

Wakati huo tayarisheni kopo lenye matundu chini. Changanyeni mchanga wa mtoni uliooshwa vizuri na majani makavu yaliyooza, sawa kwa sawa. Mchanga wa pwani haufai, kwa kuwa una chumvi. Mwagieni mchanganyiko huo maji yaliyochemka ili kuua vimelea vinavyoozesha mimea, kisha ngojeni mpaka upoe kabisa. Toboeni shimo dogo kwa penseli, mkitumbukize kikonyo kiasi cha sentimita 2, kikiwa kimelala kidogo. Jani lenyewe lisiguse udongo. Nyunyizeni maji kidogo, kisha lifunikeni kwa chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Chupa hiyo huzuia unyevu usitoroke, nayo hufanya kazi ya hewa ya msituni. Ifunueni kwa dakika chache kila siku ili hewa mpya iingie.

Sasa huja kazi ngumu kuliko zote, yaani kungoja. Kwa nje jani halitaonyesha dalili yoyote kwa wiki nyingi, na wako wanafunzi ambao kila asubuhi hulichomoa walitazame. Jani linalochomolewa kila siku haliwezi kuota mizizi, kwa sababu mizizi michanga hukatika kama nywele. Kwa hiyo pandeni majani mawili tangu mwanzo. Moja liacheni kabisa. La pili lichomoeni mara moja tu, wiki ya tano. Mtaona nyuzi nyeupe zikitoka katika ncha ya kikonyo.

Baada ya miezi 2 au 3 vijani vidogo vitachomoza karibu na shina la jani mama. Kwa kawaida huwa ni zaidi ya mmea mmoja. Majani yake yakifikia ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, itenganisheni kwa uangalifu na kuipanda mbalimbali. Ua la kwanza huonekana kati ya miezi 6 na 9 tangu jani lilipopandwa, na pengine zaidi. Jani lililopandwa shule inapofunguliwa Januari laweza kuwapa ua kabla ya kufunga shule Desemba.

Mambo haya hutokeaje? Jani, kama sehemu zote za kiumbe hai, limejengwa kwa vijisehemu vidogo sana viitwavyo seli. Katika mimea mingi seli za jani zikishakomaa hubaki na kazi ya jani tu. Katika mmea huu, baadhi ya seli za kikonyo zinaweza kuanza upya, zikagawanyika na kufanya mizizi, kisha vichipukizi. Mmea unaotokea hufanana na mama yake kwa kila hali, kwa rangi ya ua, kwa umbo la jani, hata kwa udhaifu wake wa magonjwa. Mmea utokao katika mbegu huwa na wazazi wawili kama wewe, nao huweza kutofautiana na wote wawili.

BUSTANI YA KIVULINI

Tafuteni mahali chini ya mti wenye kivuli chepesi. Kivuli cha mwembe mkubwa huwa kizito mno karibu na shina, lakini pembeni, chini ya ncha za matawi, huenda kikafaa. Pimeni kivuli kwa njia hii. Adhuhuri, wekeni karatasi nyeupe chini, na mmoja wenu anyoshe mkono kiasi cha sentimita 30 juu yake. Kama kivuli cha mkono ni cheusi na vidole vinaonekana wazi, hapo pana jua jingi mno. Kama mkono haufanyi kivuli chochote, hapo ni giza. Panapofaa ni pale ambapo kivuli cha mkono huonekana kwa ukungu, bila kingo zilizo wazi.

Kama shule yenu haina mti, jengeni kibanda kifupi na kukiezeka kwa makuti au majani ya migomba, mkiacha nafasi ndogo ndogo ili madoa ya nuru yapenye. Mbuzi na kuku wazuiwe kwa ua imara wa fito. Konokono nao hula majani haya usiku, waokoteni alfajiri.

Kumbukeni lile jabali. Kosa la watu wengi ni kuupanda mmea huu katika shimo, kama mchicha. Maji hukusanyika katikati ya majani, moyo wa mmea huoza, na mwenye bustani huongeza maji akidhani mmea una kiu. Ninyi jengeni kilima kidogo cha mawe, chenye kimo cha magoti yenu, mkiacha nyufa baina ya mawe. Jazeni nyufa hizo kwa mchanganyiko wa sehemu 2 za majani yaliyooza, sehemu 1 ya mchanga na sehemu 1 ya vipande vidogo vya mkaa. Mkaa huacha nafasi za hewa. Pandeni kila mche ubavuni mwa kilima, ukiwa umeinama kidogo kuelekea nje, ili maji yakiingia kati ya majani yamwagike yenyewe.

Palipo na joto kali, kama Dar es Salaam, au baridi kali ya mwezi wa Juni na Julai, kama Makete, ni afadhali kupanda katika vyungu vya udongo vinavyoweza kuhamishwa. Mmea huu hupenda joto la nyuzi kati ya 18 na 24 hivi. Kifuu cha nazi kilichotobolewa chini nacho hutosha kwa mche mdogo.

KUMWAGILIA

Kabla ya kumwagilia, bonyeza udongo kwa kidole. Ukishika kidole kwa unyevu, subiri mpaka kesho. Mimea ya aina hii inayokufa kwa maji mengi ni mingi kuliko inayokufa kwa kiu.

Mmea ulio katika chungu hunyweshwa vizuri zaidi kutoka chini. Weka chungu katika sahani yenye maji kwa nusu saa, kisha kiondoe. Maji hupanda katika udongo kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi, na moyo wa mmea hubaki mkavu. Mimea ya kilimani inyweshwe kwa kopo lenye mdomo mwembamba, maji yakimiminwa ufani na si juu ya majani.

Maji nayo yasiwe baridi. Mmekwisha kujifunza kwamba mtungi hupoza maji, kwa sababu maji yanayopenya katika kuta zake hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Maji hayo ni matamu kwa kunywa, lakini yakidondoka juu ya jani lenye joto huua seli zilizo karibu na uso wa jani, na hapo hubaki madoa meupe yasiyotoka tena. Wengi hudhani kwamba ni ugonjwa. Tekeni maji jioni, yawekeni kivulini karibu na mimea, na kuyatumia asubuhi. Vumbi likijaa katika vinyweleo, liondoeni kwa brashi laini iliyo kavu.

Majani yatawaambia kama mahali mlipochagua panafaa. Yakipauka na kuwa ya manjano, au yakiungua pembeni, jua limezidi. Vikonyo vikirefuka, majani yakainuka kama mikono inayoomba, na maua yasitokee, nuru haitoshi.

MSITU NA CHUNGU

Sasa turudie lile jambo la miche 10 ya Los Angeles. Duniani kote watu wana urujuani wa Usambara katika vyungu, wenye maua meupe, ya waridi, ya buluu, hata yenye rangi mbili. Mtu aweza kuuliza: kama mmea huu umeenea hivyo, kuna haja gani ya kujali ile iliyobaki katika majabali ya Usambara?

Fikirini mlivyojifunza juu ya jani. Mimea itokanayo na majani ya mama mmoja hufanana kwa kila hali. Ukija ugonjwa unaoweza kuuua mmoja, unaweza kuiua yote. Na hata ile iliyooteshwa kwa mbegu, kama wazazi wake walikuwa wachache, hutofautiana kidogo tu. Msituni mambo ni mengine. Mmea wa jabali moja huvumilia ukame zaidi, wa jabali jingine huvumilia baridi, wa tatu una majani madogo au maua yaliyopauka. Baadhi ya jamaa zake huishi mahali pamoja tu duniani. Yule wa Milima ya Taita huota mwituni katika msitu mmoja, msitu wa Mbololo. Akitoweka huko, hakuna mahali pengine pa kumfuata mwituni.

Wala haihitajiki mtu kuugusa mmea ndipo ufe. Mti mkubwa ulio juu ya jabali ukikatwa kwa mbao, kwa kuni au kwa kupanua shamba, jua huingia. Jabali hupata joto. Ile mimea laini kama zulia hukauka kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikishika maji. Kisha majani ya urujuani hupauka, kama mlivyoona katika mimea iliyowekwa juani, na nyufa hubaki tupu. Aliyeukata mti huenda hakuuona kamwe mmea ulio chini yake. Katika miamba ya chokaa hatari ni nyingine: jabali lenyewe huvunjwa kwa ajili ya mawe na chokaa.

Watu wa milimani wana haja ya kuni, ya mbao na ya mashamba; hilo si jambo la kupuuzwa na mtu anayeishi mbali. Viko vijiji vinavyopanda miti ya kuni karibu na nyumba ili msitu upumzike. Kama mnaishi karibu na msitu, waulizeni wazee wenu ni vijito gani vilivyokuwa na maji mwaka mzima walipokuwa wadogo, na kama vijito hivyo vina maji leo. Andikeni majibu yao pamoja na majina ya vijito.

KAZI NA MASWALI

1. Chukueni miche mitatu iliyotoka katika jani moja. Wekeni mmoja juani, mmoja katika kivuli chepesi, na mmoja pembeni mwa darasa penye nuru ndogo. Inywesheni sawa kwa wiki 3, na kila Ijumaa pimeni urefu wa kikonyo cha jani moja. Mche wa juani ukianza kupauka, urudisheni kivulini. Kwa nini ni vizuri miche yote itoke katika jani moja?

2. Kwa nini majani ya chini ya urujuani wa Usambara yana vikonyo virefu kuliko majani ya juu?

3. Mama mmoja alipanda urujuani wake katika shimo na kuumwagilia asubuhi na jioni. Moyo wa mmea ukaoza. Mweleze sababu kwa kutumia habari za jabali la msituni.

4. Taja mimea mitatu ya shambani kwenu ambayo haipandwi kwa mbegu. Kila mmoja hupandwa kwa sehemu gani?

5. Maji ya mtungini huachaje madoa katika jani? Buni jaribio la kuonyesha kwamba sababu ni ubaridi wa maji na si maji yenyewe. Utatumia majani mangapi, na utaweka nini kiwe sawa kwa yote?

6. Mti mmoja umekatwa juu ya kijito. Andika kwa kufuata taratibu mabadiliko yatakayotokea katika jabali lililo chini yake: wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, na mwaka wa kwanza.